AC ya lori la zamani haishiki? Fuata umeme kabla hujanunua kompresa

Wakuu, AC ya lori la zamani ikigoma mtu wa kwanza kulaumiwa ni kompresa, wa pili ni gesi, na waya unakumbukwa hela ikishaisha. Mimi naenda kinyume. Lori likishakuwa na miaka mingi, limetikisika sana, limekula vumbi na maji, na mafundi kumi tofauti wameshaweka mikono yao humo ndani na tepu nyeusi, mshukiwa wangu wa kwanza ni umeme, na ndani ya umeme nampa ethi (njia ya umeme kurudi hasi ya betri kupitia chuma cha gari) nafasi ya mbele.

Hapa naongelea yale malori ya nobu na swichi, sio haya mapya ambayo kila kitu kinapitia kompyuta. Uzuri wa lori la zamani ni kwamba umeme wake una njia moja tu, unaweza kuufuata kwa kidole kutoka betri mpaka kompresa, na popote unapokatika ndipo ugonjwa ulipo.

Njia yenyewe kwa kawaida iko hivi, japo kila lori lina vituko vyake: umeme unatoka betri, unapita fyuzi, unaingia kwenye swichi ya feni ya ndani, halafu swichi ya AC, halafu thamostati, halafu swichi ya presha, halafu unaamsha rilei (swichi inayowashwa na umeme mdogo), na rilei ndiyo inapeleka umeme mzito kwenye koili ya klachi, yaani sumaku ya umeme iliyoko pale mbele ya kompresa, kisha umeme unarudi betri kwa kupitia ethi ya bodi na injini. Klachi ikipata umeme inavuta ile sahani ya mbele, unasikia "kta!", na kompresa inaanza kuzunguka. Umeme usipofika puli inazunguka peke yake na mkanda wake, kompresa imelala. Umeona pale kwamba swichi ya AC inakula umeme kutoka kwenye swichi ya feni? Malori mengi ya zamani yako hivyo makusudi, AC isifanye kazi bila feni maana ndani kutaganda barafu. Kwa hiyo kama feni ya ndani imekufa kabisa usianze kuhangaika na kompresa, anza na feni.

Vifaa sio vingi. Multimita ya kawaida, waya wenye vibanio vya meno huku na huku ambao umeufunga fyuzi ndogo katikati (hii fyuzi usiiache, ndiyo itakuokoa ukigusa pasipostahili), brashi ya waya, msasa, na balbu ya indiketa ya wati 21 yenye volti ya gari lako, iliyofungwa waya mbili. Hiyo balbu ndiyo kifaa changu namba moja, nitaeleza kwa nini.

Kabla hujagusa: gia huru, breki ya mkono, kabari kwenye tairi. Kama unainua kichwa cha lori hakikisha ile nondo ya kukizuia imeingia sawasawa, usiamini haidroliki peke yake. Injini ikiwa inaunguruma mikono na mikono ya shati ikae mbali na mkanda na feni. Na usifungue nati yoyote ya bomba la gesi, gesi ya R134a inachemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri, ikikurukia jichoni habari yake sio ndogo. Kazi yetu leo ni waya tu.

Hatua ya 1. Jua lori lako ni volti ngapi na betri ina hali gani. Inaonekana kama utani lakini malori mengi makubwa ni 24 na madogo ni 12, na nimeshakuta koili ya 12 imefungwa kwenye lori la 24, ilifanya kazi siku chache ikaungua, mwenye lori anasema kompresa za siku hizi mbovu. Koili nyingi zina kibandiko kinachosema volti. Kisha washa injini, pima kwenye betri: 12 isome kama 13.8 hadi 14.4, na 24 isome kama 27.6 hadi 28.8. Ikiwa chini ya hapo shughulikia altaneta kwanza, klachi yenye njaa ya umeme haiwezi kushika vizuri hata ufanyeje.

Hatua ya 2. Igawe kazi katikati. Watu wengi wanaanza kwenye fyuzi wanashuka polepole, mimi naanzia mwisho. Injini imezimwa, chomoa konekta ya kompresa, chukua ule waya wako wenye fyuzi, toa umeme moja kwa moja chanya ya betri mpe koili. Kama koili ina waya mmoja tu ujue ethi yake inapitia bodi ya kompresa, kama ina mbili moja ni ethi, ipeleke hasi. Ukisikia "kta!" safi yenye nguvu basi koili nzima, kompresa iache ilivyo, tatizo liko nyuma huko. Usiposikia kitu, peleka waya mwingine kutoka hasi ya betri mpaka kwenye bodi ya kompresa halafu jaribu tena. Ikishika sasa hivi wakati mwanzo haikushika, umeshapata mwizi: ethi. Safisha pale waya wa ethi unapofungwa mpaka chuma king'ae, pia ule waya mnene kati ya injini na chasi, kaza, paka grisi kidogo kwa juu kutu isirudi.

Ikigoma hata hapo pima koili kwa multimita kwenye omu (kipimo cha ukinzani). Ya volti 12 utakuta kama 3 hadi 5, ya volti 24 inakuwa juu zaidi, kwenye kumi na kitu hivi. Isiposoma chochote, koili imekatika. Ikisoma karibu na sifuri, imeshoti na ndiyo inayokuunguzia fyuzi. Na hata hapo huhitaji kompresa nzima, koili na klachi kwenye kompresa nyingi zinabadilishwa zenyewe bila kufungua gesi, muulize fundi kabla hajakuandikia orodha.

Hatua ya 3. Fyuzi. Usiitazame kwa macho, ipime, kuna fyuzi inaonekana nzima kumbe imepasuka unywele pembeni. Gusa pande zote mbili za fyuzi ikiwa mahali pake, umeme uwe pande zote. Kama imeungua weka nyingine ya namba ileile, mara moja tu. Ikiungua tena acha, na tafadhali usiweke kubwa zaidi wala karatasi ya sigara, fyuzi ipo ili yenyewe iungue waya usiungue, ukiweka kubwa unahamisha moto kuupeleka ndani ya dashibodi.

Ukiwa na fyuzi inayoungua kila mara ndipo ile balbu inaingia. Chomoa fyuzi, funga balbu mahali pake. Washa AC. Balbu ikiwaka kwa nguvu zote kuna shoti mahali, lakini sasa hakuna kinachoungua kwa sababu balbu imebeba mzigo. Anza kuchomoa konekta moja moja, ya kompresa, ya swichi ya presha, ya rilei, na tikisa waya taratibu njia nzima. Balbu ikififia ghafla au ikizimika, pale ulipogusa ndipo. Mara nyingi utakuta waya umesagika kwenye kona ya chuma, au umelala juu ya bomba la moto. Na kuna kitu kidogo watu wanakisahau: kwenye waya wa koili huwa kuna dayodi, kidude kinachopitisha umeme upande mmoja tu, kazi yake ni kumeza ule mpigo wa umeme unaorudi koili ikizimwa. Hii dayodi ikishoti, au mtu akiifunga kinyume, fyuzi inakwenda papo hapo ukiwasha. Ikikatika fyuzi haiungui ila utaanza kuona swichi na rilei zinakufa kila baada ya muda bila sababu, na redio inapiga "tak" kila AC ikishika.

Hatua ya 4. Rilei. Njia ya haraka ni kubadilishana na nyingine inayofanana nayo kabisa, mara nyingi ya honi, kwa muda tu. Ikishika, kwisha kazi. Isiposhika, chomoa rilei utazame namba zilizoandikwa chini yake: 30 na 87 ni njia ya umeme mzito, 85 na 86 ni ya kuiamsha. Kwenye kitako chake, tundu la 30 linatakiwa liwe na umeme swichi ya gari ikiwa imewashwa. Likiwa nao, unganisha tundu la 30 na la 87 kwa waya wako wenye fyuzi. Klachi ikipiga "kta!", umeme mzito uko vizuri kote na tatizo liko upande wa kuamsha, yaani swichi, thamostati au presha. Klachi ikinyamaza, waya wa kutoka rilei kwenda kompresa una neno. Tazama na ule mguu wa kitako chenyewe, ukiuona umebadilika rangi kama umechomwa, au plastiki imelegea, hata rilei mpya haitasaidia.

Hapa naomba nisimame kidogo nieleze lililonikuta mimi, maana ndilo lililonifundisha kuheshimu balbu.

Lori langu la volti 24 lilikuwa linashika AC vizuri asubuhi, jua likipanda inaachia, jioni inarudi. Fundi mmoja akasema kompresa imechoka, nikabadilisha, siku mbili ikarudi vilevile. Nikapima mwenyewe kwenye konekta ya kompresa, nimeichomoa, multimita ikasoma 24 na ushee, nikasema umeme upo basi hata hii kompresa mpya ni mbovu. Nilikuwa nakosea. Siku nyingine nikafunga balbu kwenye konekta ileile, ikawaka nyekundu kama kaa linalozimika, nikapima huku balbu ikiwa imefungwa, volti 9. Nikafuata waya kwa vidole, nikafika pale kwenye bawaba kichwa kinapolalia mbele, waya unajikunja kila kikiinuliwa, gamba la nje zima kabisa halina hata mkwaruzo ila ukibonyeza unasikia laini kama utumbo, nyuzi za shaba zimekatika ndani zimebaki mbili tatu za kijani.

Kinachotokea ni hivi. Multimita yenyewe hainywi umeme, kwa hiyo hata uzi mmoja unatosha kuionyesha 24. Ni kama mpira wa maji uliokunjwa, ukiufunga mbele utaona umejaa umevimba, lakini ukifungua kinachotoka ni matone. Balbu inakunywa kama klachi inavyokunywa, kwa hiyo haidanganyiki. Tangu hapo sipimi volti bila mzigo. Unganisha kila kitu, washa AC, pima kwenye koili kwa nyuma ya konekta huku inajaribu kufanya kazi. Kisha linganisha na betri. Upande wa chanya usipoteze zaidi ya nusu volti hivi, upande wa ethi usizidi 0.2. Hii ya ethi unaipima kwa kuweka mkono mmoja wa multimita kwenye hasi ya betri na mwingine kwenye bodi ya kompresa, AC ikiwa imewashwa.

Na kwa nini asubuhi inashika mchana inaachia? Shaba ikipata joto ukinzani wake unapanda, karibu asilimia 0.4 kwa kila nyuzi moja. Koili ya omu 15 asubuhi, injini ikishachemka na koili ikafika nyuzi 100, inakuwa na omu 19 na kitu. Umeme unaopita unapungua, nguvu ya sumaku inapungua. Kwenye lori zima haijalishi, klachi ina nguvu ya ziada. Lakini ukiwa na waya unaokula volti, na sahani ya klachi imelika mpaka nafasi imekuwa kubwa, vitu vitatu vinakutana na klachi inashindwa. Hiyo nafasi kati ya sahani na puli unaipima kwa fila geji (vile vipande vyembamba vya chuma vya kupimia nafasi), kompresa nyingi zinataka kama nusu milimita hivi kushuka chini kidogo, kitabu cha gari lako ndicho cha mwisho. Ikizidi, kwenye kompresa nyingi unafungua nati ya katikati unatoa washa moja nyembamba kwa ndani, sahani inasogea. Ukitaka uthibitisho wa haraka, ikiwa imeachia kwa joto, zima injini, kisha isukume sahani kwa kijiti huku AC imewashwa na swichi ya gari iko kwenye umeme. Ikinasa na kubaki imenasa, tatizo ni nafasi au volti ndogo. Narudia, injini imezimwa.

Hatua ya 5. Swichi ya presha. Iko kwenye bomba au kwenye ile chupa ya kukaushia gesi. Kama ina waya mbili, chomoa konekta na uunganishe zile tundu mbili kwa kipande cha waya. Ikiwa na waya tatu au nne usiunganishe kwa kubahatisha, zingine ni za feni ya mbele, tafuta mchoro. Klachi ikishika ulipounganisha, usishangilie bado. Swichi inaweza kuwa imekufa, na inaweza kuwa inafanya kazi yake vizuri kabisa, kwamba gesi imevuja na inakataa kompresa isizunguke kavu. Mafuta ya kompresa yanasafiri na gesi, gesi ikiisha mafuta hayarudi, na kompresa inajisaga. Kwa hiyo huo waya wa kuunganisha ni wa sekunde kadhaa za kusikiliza tu, sio wa kusafiria. Nimeona malori yanatembea nao miezi, mwisho wake ni kompresa iliyojaa unga wa chuma na bomba zote za kusafishwa.

Kujua lipi ni lipi unahitaji geji ya gesi. Gari limelala limepoa, mazingira nyuzi 30, R134a isome karibu bar 6.7, wanaosoma kwa psi ni kama 97. Ikisoma chini ya bar 2 swichi haina kosa, tafuta panapovuja. Ikisoma vizuri na swichi haipitishi umeme, swichi mbovu. Ila usije ukadhani kusoma 6.7 maana yake gesi imejaa, hapana, ni ishara tu kwamba bado kuna gesi ya maji humo ndani, kiasi chake hakionekani hivyo.

Hatua ya 6. Thamostati na swichi ya AC. Thamostati ya zamani ina kale kabomba kembamba kama waya kalikochomekwa kwenye mapezi ya evapareta (ile kama radieta inayotoa baridi) ndani ya dashibodi, kakiona baridi imekaribia kuganda inakata. Kakivunjika au kakikunjwa imekufa. Unganisha miguu yake miwili kama ulivyofanya kwenye presha, ikishika badilisha. Swichi ya kwenye dashibodi pima umeme unaingia na unatoka ikiwa imebonyezwa. Zile za zamani ndani zinaweka weusi, mara nyingine ukizibonyeza mara ishirini zinaamka, lakini usizitegemee.

Hatua ya 7. Feni ya ndani. Ikifanya kazi kwenye spidi ya mwisho tu na zingine zimekufa, usipoteze muda, ni rizista, kile kidude kinachopunguza umeme wa feni kwenye spidi ndogo. Spidi ya mwisho haipiti kwenye rizista ndiyo maana inabaki. Rizista imekaa ndani ya njia ya upepo ili upepo wenyewe uipoze, kwa hiyo majani na vumbi vikiziba inaungua, safisha kabla ya kuweka mpya. Angalia na konekta yake, ikiwa plastiki imeyeyuka ujue mota inavuta umeme kupita kiasi kwa sababu bushi zimechoka, ukibadilisha rizista peke yake utarudi hapohapo. Feni isiyozunguka kabisa: mpe mota umeme wa moja kwa moja. Ikizunguka rudi nyuma kwenye fyuzi na swichi, na ethi ya mota, ambayo kwenye malori mengi imefungwa skrubu moja nyuma ya dashibodi mahali ambapo maji ya kioo yanavujia. Isipozunguka ipige kibao kidogo, ikiamka brashi zake za kaboni zimekwisha.

Ukishapata waya mbovu usiukaze kwa kusokota na tepu. Kata mpaka upate shaba inayong'aa, kama kijani kimeingia ndani endelea kukata, weka waya mpya unene uleule au mkubwa kidogo, solda au bana kwa kishikio cha kubana, vuta juu yake ile mipira inayonywea ikipata joto. Pale kwenye bawaba acha waya ulegee uwe na kitanzi, na usisolde kwenye sehemu inayojikunja, solda inaufanya mgumu na utakatika pembeni yake tu.

Mwisho washa injini, AC spidi ya juu, iache dakika ishirini mpaka kila kitu kipate moto, ndipo upime tena zile volti kwenye koili ikiwa inafanya kazi. Tikisa waya njia nzima huku mwenzako anasikiliza klachi. Na ukimaliza chukua kalamu ya rangi, andika nyuma ya kifuniko cha boksi la fyuzi: rilei ya AC ni ipi, waya wa klachi ni rangi gani, ethi yake umeifunga wapi, umepima omu ngapi. Mimi yangu nimeandika, na chini kabisa nimeandika "bawaba".